Mgeni wa Stela kwenye Mfuko wa Kaki

Bwana asifiwe, kanisa. Wa mbele mmeitika vizuri. Wa nyuma mmeguna, na siwalaumu, maana nyie ndio mko karibu na dirisha na harufu ya pilau inawafikia kabla ya maneno yangu. Hata mie nainusa. Mchungaji amenipa dakika chache, na amenitazama kwa jicho la mtu anayejua ninavyopenda kuongea. Nitajitahidi. Lakini ushuhuda wenyewe ni wa chakula, kwa hiyo tuvumiliane kidogo, mtakula baada ya hapa.

Kwa wageni, mie naitwa Baba Stela. Nakaa huku huku Chanika, ile nyumba isiyopigwa plasta nyuma ya mashine ya kusaga. Ni seremala, natengeneza milango, vitanda na makabati. Mke wangu ni Sabina, yule pale mwenye kitenge cha bluu anayejifanya hanijui. Anafanya kazi kiwanda cha biskuti Chang'ombe na huondoka nyumbani alfajiri. Mtoto wetu ni mmoja, Stela, ana miaka mitano. Sasa hivi yuko nje na wenzake wa shule ya Jumapili, na nadhani wanachungulia masufuria.

Wenyeji mnanijua zaidi ya hapo. Mnajua kwamba kabla ya useremala nilikuwa mchonga vinyago. Mie ni Mmakonde wa Newala, nimezaliwa katikati ya mpingo na tezo. Babu alichonga, baba alichonga, na nilipokuja mjini nikachonga miaka mingi, nikiwauzia watalii. Kitu nilichochonga zaidi ni wale viumbe ambao sie wachongaji tunawaita mashetani. Aliyewahi kuwaona hawasahau. Jicho ni moja, masikio yanafika magotini, mdomo uko tumboni, na mguu umepinda upande ambao mguu haupindi. Babu aliwachonga huku akicheka, na sisi wajukuu tulicheka naye. Hakuna aliyewaabudu. Lakini jina ni jina, na nilipookoka jina hilo likaanza kuninyima raha.

Ndugu zangu, siku niliyookoka nilileta vyombo vyangu vya kazi hapa mbele. Tezo, patasi, tupa, vyote. Tukavichoma pale nje, mipini ikawaka, vyuma vikabaki vyeusi, mkaimba na kunipigia makofi. Sijutii siku ile. Nilikuwa na mambo mengi ya kuacha na Mungu aliniachisha. Ila kuna kitu kimoja nilitoka nacho kwenye moto ule bila kujua, nacho ni kuiogopa mikono yangu mwenyewe. Mlango nitatengeneza, kitanda nitatengeneza. Lakini mteja akisema niwekee ua dogo hapa kichwani mwa kitanda, nakataa. Watu wakaniona mvivu, na mie nikawaacha waamini hivyo.

Sasa nije kwa Stela.

Tulipokuwa Chang'ombe tulipanga chumba kwenye nyumba yenye wapangaji wengi. Mnazijua nyumba zile, jiko uani, bomba uani, maneno yote uani. Pale chakula hakina mwenyewe. Ukipakua unasema "karibuni," na watu kweli wanakaribia, hasa watoto. Stela alikulia kwenye sinia. Tangu aanze kushika tonge tulimfundisha kama tulivyofundishwa sisi. Ukifungua chakula, karibisha. Usianze mpaka mwenzako ameketi. Anayekula peke yake huku wengine wanamtazama ni mchoyo. Alilishika somo hilo kuliko alivyoshika herufi. Kulikuwa na mama mmoja jirani, akipita na ndoo kichwani Stela anamwambia karibu, na hatii kitu mdomoni mpaka yule mama atue ndoo aonje.

Tukapata kiwanja huku, tukajenga vyumba viwili, tukahamia. Jirani yetu wa karibu ni shamba la mihogo. Stela akaanza chekechea hapo kando ya barabara, na pale kila mtoto anakwenda na chakula chake. Sabina anakuwa ameshaondoka, kwa hiyo kumfungia mtoto chakula ni kazi yangu. Wanaume msicheke. Chapati zangu zina duara kuliko za baadhi ya wake zenu.

Nikamfungia chapati, ikarudi. Nikamfungia viazi na yai, vikarudi. Maandazi yakarudi yamekauka. Namuuliza, "Stela, mbona hukula?" Ananijibu, "Sikula, baba." Amesema kweli, na mie sijaambulia kitu. Jioni tukikaa kwenye sinia wote watatu anakula kama mbeba zege. Lakini kabla ya jioni mtoto ameshinda na njaa tangu asubuhi. Akaanza kukonda. Sketi ya shule mama yake akaibana kwa pini. Tukampeleka zahanati, wakampima malaria na minyoo, wakasema hana ugonjwa, ila damu imepungua, mhakikishe anakula. Utadhani sie tulikuwa tunamkataza.

Mwalimu wake, Mwalimu Zuhura, dada mmoja mpole sana wa Kilwa, akaniita. Akasema mtoto anasinzia darasani, haimbi, hachezi, na hali ikiendelea hivi afadhali apumzike nyumbani mpaka mwaka ujao. Nikamshukuru. Njiani nikajiuliza, apumzike nyumbani na nani? Mama yuko kiwandani, mie niko na randa na msumeno. Na zaidi ya hilo, mtoto anayeona wenzake wanakwenda shule yeye akabaki, kuna kitu kinavunjika ndani yake. Niliogopa sana.

Tukalileta jambo hili kwa maombi. Hapa nitamtaja Mama Eliza, na ameniruhusu. Aliniambia juzi, "Sema tu mwanangu, ila usizidishe chumvi." Wote mnamjua mama yetu wa maombi, mtu wa Njombe, akiomba bati linatikisika. Alimwekea Stela mikono, akaomba, kisha akaniita pembeni.

"Baba Stela," akasema, "wale uliokuwa unawachonga wamekufuata. Wamekaa tumboni mwa huyu mtoto."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa kunihurumia, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu wazo hilo nilikuwa nalo tayari. Nimechonga midomo mingapi tumboni maishani mwangu? Na sasa mtoto wangu mwenyewe hafungui mdomo. Nilirudi nyumbani nikakaa juu ya mbao nikaitazama mikono hii. Ndugu zangu, ukishaamini kwamba mkono wako ndio unaomdhuru mwanao, hata kumshika unaogopa. Nikaanza kumwacha afunge kamba za viatu mwenyewe, na hajui kuzifunga. Alikuwa anakwenda shule kamba zinaburuta.

Sabina, yeye hakuwa na muda wa kuogopa. Kiwandani alisikia wenzake wakisimulia kwamba kuna wazazi wanampambia mtoto chakula, karoti inakatwa ua, yai linakuwa uso, tomato sosi inachora mdomo. Akaja akaniambia, "Jaribu na wewe, si fundi wewe." Nikakata karoti ikawa ua la kupendeza. Lilirudi ua vilevile, limenyauka. Nikachukua penseli yangu ya useremala, hii ninayoichomeka sikioni, nikachora kwenye mfuko wa kaki ninaomwekea kontena lake la chakula. Nilichagua vitu salama. Nilichora sungura. Nilichora njiwa, nilichora safina na twiga wake. Stela anatazama, anasema, "Nzuri, baba," kwa sauti ile ile anayotumia kushukuru dawa ya minyoo. Na chakula kinarudi.

Asubuhi moja nilikuwa nasubiri chapati ibadilike rangi. Mfuko uko mezani, penseli iko mkononi, akili iko kwenye mlango wa mteja uliokuwa umepinda. Nilipokuja kutazama chini, mkono ulikuwa umeshachora. Jicho moja. Masikio mpaka magotini. Mdomo tumboni, umefunguka wote. Na mikono miwili mirefu imenyooshwa mbele kama mtu anayepokea sahani.

Nikaukunja mfuko niuchane. Stela alikuwa ameshasimama pembeni yangu. Akaukunjua, akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu tuhame Chang'ombe.

"Baba, huyu nani?"

"Si mtu huyo."

"Anaitwa nani?"

"Hana jina, mama. Lete nikupe mfuko mwingine."

Akamtazama vizuri, akasema, "Ana njaa huyu." Akauchukua mfuko wake, akatoka. Nyuma yangu chapati ilikuwa inaungua.

Mchana ule kontena lilirudi tupu. Nililigeuza, nikalikung'uta, hata chembe. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza, na hofu iliyokuja nyuma yake ilikuwa kubwa zaidi. Mtoto kakataa njiwa, kakataa safina, kamkubali shetani! Jioni nikamweleza Sabina. Alinisikiliza huku anaosha miguu, akasema, "Mchore tena."

"Sabina, ni shetani yule."

"Mie nimeona kontena tupu. Mchore tena."

Nikamchora tena. Nilikuwa natubu kwanza, nachora, halafu natubu tena. Kila asubuhi alikuja mwingine, maana mkono ulikuwa umekaa kimya muda mrefu na ulikuwa na mengi ya kusema. Alikuja mwenye migongo miwili, alikuja mwenye shingo iliyofungwa fundo. Stela akawapa majina. Yule wa kwanza akawa Mzee Tumbo, na mmoja mwenye sikio kubwa kuliko kichwa akawa Shangazi Sikio. Makontena yakarudi matupu. Shavu likajaa, pini ikatoka kwenye sketi. Mwalimu Zuhura akaniambia mtoto sasa anaimba mpaka anawazidi wenzake, akaniuliza tumempa dawa gani. Nikamwambia ni neema ya Mungu, na nikaona aibu kulitaja jina la Mungu kwa sababu nilidhani nadanganya.

Basi Stela, kwa moyo wake wa sinia, akamgawia mfuko mmoja rafiki yake mpya anayeitwa Glori. Glori ni mjukuu wa Mama Eliza.

Mama Eliza alikuja kwenye banda langu la kazi ameushika ule mfuko kwa vidole viwili, pembeni kabisa, kama mtu aliyeokota panya. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. "Tuliwachoma, Baba Stela," akasema. "Pale kanisani, mbele ya watu wote. Leo unawarudisha, tena kwenye chakula cha mtoto." Nilimwahidi nitaacha.

Nikaacha. Kesho yake Stela akaugeuza mfuko huku na huku.

"Leo haji?"

"Haji, mama."

Hakulia. Alibeba mfuko wake usio na picha akaenda, na chapati ikarudi nzima. Siku iliyofuata ikarudi tena. Halafu asubuhi moja, watoto wamepanga mstari, Stela akakaa chini na akashindwa kuinuka. Mwalimu Zuhura akanipigia simu. Nilikimbia na vumbi la mbao kichwani, nikambeba mgongoni mpaka nyumbani, na nilimbeba kama mtu aliyebeba nguo. Mtoto aliyekuwa amenenepa, ameisha kwa siku chache.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofika mwisho wa akili yangu. Nikichora, namlisha mtoto wangu shetani. Nisipochora, mtoto wangu hali kabisa. Niliomba na sikujua niombe nini. Nilisema tu, Bwana, mtoto ni wako na mikono ni yako, mie sijui tena mikono hii inafanya nini.

Mchungaji akatuita Jumamosi ofisini kwake, pale kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa mpaka darini. Alikuwepo yeye, Mama Eliza, mie, Sabina aliyekuwa na zamu ya kupumzika, na Stela. Mchungaji alikuwa amesema tulete hiyo mifuko. Nilidhani imeshatupwa. Kumbe Stela alikuwa ameikusanya yote chini ya godoro lake, ameinyoosha vizuri. Akaipanga mezani mmoja mmoja. Mama Eliza akageuza uso. Mchungaji akavaa miwani akaitazama yote, na kwa Shangazi Sikio niliona masharubu yake yanacheza, lakini akajizuia.

Stela akatuamkia wote shikamoo, akaitikiwa. Mchungaji akamuuliza, "Stela, hawa ni nani?"

"Ni wageni."

"Wageni wa nani?"

"Wangu. Wanakujaga kula."

"Kwa nini wanakuja kwako?"

Stela akamtazama kama anamhurumia kwa kutojua jambo dogo hivyo. "Kwa sababu nawakaribisha," akasema.

Hapo ndipo mambo yalipotoka, kidogo kidogo, kwa lugha yake ya kitoto. Kumbe pale shuleni watoto waliwahi kuonjana vyakula, wakaharisha, na Mwalimu Zuhura akaweka sheria nzuri tu, kila mtu ale cha kwake na asiguse cha mwenzake. Watoto wengine wote wakaizoea. Stela wangu siku ya kwanza akafungua kontena, akasema, "Karibuni." Hakuna aliyekuja. Mmoja akamwambia mwalimu amekataza. Akangoja. Hakuna aliyeketi mbele yake. Na baba alisema usianze mpaka mwenzako ameketi. Basi akafunga kontena lake. Kesho yake akafungua tena, akakaribisha tena, akangoja, akafunga. Kila siku. Mtoto alikuwa na njaa na chakula kiko mapajani mwake, na alikuwa anatii tulichomfundisha.

"Na sungura je?" Mchungaji akauliza. "Si baba alikuchorea sungura?"

"Sungura hakuwa na njaa. Na njiwa alikuwa anaruka anaenda kwao."

"Na huyu?"

"Huyu ameleta mikono." Akamwekea kidole Mzee Tumbo. "Nikisema karibu, yeye ameshakuja. Ndio tunakula."

Mchungaji akauliza, "Mkila mnafanyaje?"

"Tunaomba kwanza. Mzee Tumbo alikuwa hajui kuomba, nikamfundisha. Anafumba jicho lake moja."

Sabina aliuma upindo wa kanga yake. Mie nilikuwa natazama sakafu. Stela akamgeukia Mama Eliza, akamuuliza, "Bibi, wewe unakula na nani?"

Hili Mama Eliza ameniruhusu niliseme lote. Tangu mumewe atangulie mbele za haki, mama yetu anakaa chumba chake cha uani kwa mwanawe. Mkwe wake ni binti mwenye adabu. Kila siku anamletea chakula kwenye sahani iliyofunikwa vizuri, anapiga goti, anamnawisha, anaondoka. Ni heshima. Sie tuliolelewa na heshima hiyo hatuoni ubaya wake. Na kila siku mama yule anafunua sahani peke yake.

Mama Eliza akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. "Nakula na redio, mjukuu wangu," akasema.

Stela akafikiri. Akapitisha macho kwenye mifuko yake, akachagua mmoja, akausukuma juu ya meza. "Mchukue Shangazi Sikio," akasema. "Yeye anakula kidogo."

Na Mama Eliza akauchukua. Safari hii aliuchukua kwa mikono miwili.

Najua kuna wanaongoja niseme kwamba nilianguka chini, nikapiga kelele, kitu kikanitoka. Sikuanguka. Kitu kilichonitoka hakikuwa na kelele. Niliitazama mikono yangu pale mapajani na kwa mara ya kwanza tangu ule moto, ilikuwa mikono yangu. Nilikuwa nimemwomba Mungu amtoe mgeni tumboni mwa mwanangu, kumbe mwanangu alikuwa anamngoja mgeni aje aketi naye. Na Mungu alipotaka kumpelekea, hakuangalia kwingine. Alichukua kile alichokiweka kwenye mikono hii tangu Newala, kile kile nilichokuwa nakitubia kila asubuhi, akamketishia mtoto wangu mtu wa kula naye. Nililia mbele ya Mchungaji kama mtoto mdogo. Sabina akanipa kanga yake na kuniambia nisipengee humo.

Mchungaji hakutoa hotuba siku ile, na mnajua hiyo nayo ni muujiza. Alisema tu, "Mtoto ale." Kisha akaniomba mfuko mmoja abaki nao. Nasikia ameubandika nyuma ya mlango wa ofisi, ila mie sijui.

Jumatatu nilikwenda kumweleza Mwalimu Zuhura. Aliweka mkono mdomoni, akakaa kwenye kile kiti chake kidogo cha watoto. "Kwa hiyo siku zote alikuwa anangoja mtu aketi naye, hata mimi," akasema. Sheria yake haikubadilika, na isibadilike, matumbo ya watoto ni muhimu. Lakini sasa wakifungua makontena yao wanasema "karibuni" wote kwa pamoja, wanaitikiana "asante," na mwalimu mwenyewe anaketi katikati yao na chakula chake. Pita hapo mchana utawasikia mpaka barabarani.

Stela sasa anakula hata mfuko ukiwa hauna kitu. Ana marafiki mpaka nimechoka kuwakumbuka majina. Ila anadai mgeni wake kila Ijumaa, na Glori anadai wake, na wazazi wengine wananiachia mifuko bandani kwangu kama wanaleta viatu kwa fundi. Naichora nikisubiri gundi ikauke, na siku hizi natubu yale ya kutubu tu.

Mama Eliza yuko nasi jioni nyingi. Anakaa kwenye mkeka, anakula sinia moja na sie, na analalamika kwamba ugali wangu ni laini, watu wa Njombe wanakula ugali unaosimama. Bado hataki niwaite wale viumbe kwa jina lao la zamani, na mie sijabishana naye. Tunawaita wageni. Jina hilo Stela ndiye aliyewapa.

Na nimenunua patasi. Nasema mbele yenu nyote mliopiga makofi siku ile, ili asije mtu akaniona nayo akadhani nimerudi nyuma kwa siri. Yale niliyoyaacha nimeyaacha. Hii nimerudishiwa. Kazi ya kwanza niliyoifanya nayo ni mwiko ule mkubwa wanaopakulia pilau pale nje sasa hivi. Mpini wake una jicho moja na masikio marefu. Nawaambia mapema msije mkadondosha sahani.

Mchungaji ananionyesha saa, kwa hiyo namaliza. Namshukuru Mungu kwa mwanangu anayekula. Namshukuru kwa Sabina aliyeniambia mchore tena. Na kama kuna mtu hapa anaogopa kitu ambacho Mungu mwenyewe alikiweka ndani yake, au amefunga kontena lake akidhani hakuna atakayekuja, nakuomba umwamini. Mie nimemwona akija, ana jicho moja na mikono mirefu, nikamkimbia, na hakuchoka kurudi mpaka mwanangu akala.

Tukitoka hapa mtamkuta Stela mkekani. Sahani yake iko mbele yake na ameshakaribisha. Bado hajaanza, anangoja mtu aketi. Karibuni.